Dibaji, Mpandano na Nyayo: Hoja juu ya Kujaribu Istilahi za Kiswahili za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Kwa zaidi ya nusu karne uundaji wa istilahi umekuwa miongoni mwa kazi kuu za taasisi za Kiswahili nchini Tanzania. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa sheria mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na Idara ya Kiswahili na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu za isimu na za sayansi. Mwaka 1992 Tumbo-Masabo na Mwansoko walichapisha kiongozi chao cha uundaji wa istilahi, ambacho vizazi kadhaa vya wanafunzi vimekitumia. Katika uwanja wa kompyuta, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliozaa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Kazi hizi zinastahili heshima. Hata hivyo, zikitazamwa kwa makini zinadhihirisha upungufu mmoja. Maneno ya kompyuta yaliyokwisha kukubalika katika Kiswahili, kama vile faili, hifadhi, nakili, bandika na chapisha, aghalabu ni maneno ya mtumiaji. Ni maneno ya vitufe. Anayetaka kueleza kwa Kiswahili kinachotendeka chini ya vitufe hivyo, hasa programu inapokosea na fundi kulazimika kujua imekosea wapi, hana pa kushika. Hulazimika kuhamia Kiingereza, au kutumia tafsiri ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu.

Makala haya yanatetea hoja moja: istilahi haikamiliki inapoorodheshwa, hukamilika inapojaribiwa, na jaribio lenye maana ni lile linalofanyika mahali ambapo neno ni rahisi kuvunjika. Mfano unachukuliwa kutoka pembe moja nyembamba ya sayansi ya kompyuta, nayo ni namna kichunguzi cha programu kinavyojaribiwa ili kuona kama kinazielewa dibaji za funksheni na kama kinaweza kurudia nyayo za mwito. Pembe hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wataalamu wake wana nidhamu ya kujaribu ambayo wanaistilahi wangefaidika kuiiga. Pili, maneno ya pembe hiyo yenyewe ni mtihani kwa Kiswahili. Mahali patakapotumiwa kuyapima maneno hayo ni Katoro, mji wa biashara katika Wilaya ya Geita, kwa sababu Kiswahili cha huko kimezoea kutaja vitu vilivyo chini ya ardhi na watu wanaolazimika kutoka huko wakiwa salama.

2.0 Kichunguzi na Kazi Yake

Programu ya kompyuta hugawanywa katika vipande vidogo ambavyo hapa vitaitwa funksheni. Funksheni moja huita nyingine, na iliyoitwa huweza kuita ya tatu, kabla ya kila moja kumaliza kazi na kurejesha udhibiti kwa ile iliyoiita. Ili marejeo hayo yawezekane, kompyuta hutenga sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa kwa mpango maalumu: kilichowekwa mwisho ndicho kinachoondolewa kwanza. Sehemu hiyo itaitwa mpandano, kutokana na kitenzi pandana, kwa kuwa vilivyomo hupandana kimoja juu ya kingine. Kila funksheni inayofanya kazi hupata nafasi yake ndani ya mpandano. Nafasi hiyo itaitwa fremu. Ndani ya fremu huwekwa data za muda za funksheni hiyo pamoja na anwani ya marejeo, yaani mahali ambapo kazi itaendelea baada ya funksheni kumaliza.

Kichunguzi ni programu inayoichunguza programu nyingine. Huisimamisha katikati ya kazi, kisha humjibu fundi maswali mawili ya msingi: programu iko wapi sasa, na imefikaje hapo? Mojawapo ya vichunguzi vinavyotumika sana duniani ni GDB, kilichoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986 chini ya mradi wa GNU. Swali la pili ndilo gumu. Kulijibu kunahitaji kusoma fremu ya sasa, kupata anwani ya marejeo, kumtambua aliyeita, kisha kuisoma fremu ya huyo aliyeita, na kuendelea hivyo hadi kufika kwenye funksheni kuu. Orodha inayopatikana ndiyo nyayo za mwito.

Yafaa kueleza mapema kwa nini neno kichunguzi limependelewa. Kiingereza huitaja programu hii kwa jina lenye maana ya kiondoa wadudu. Wengi husimulia kisa cha tarehe 9 Septemba 1947, ambapo nondo alipatikana ndani ya mashine ya Harvard Mark II, lakini mafundi walikuwa wakiita hitilafu wadudu muda mrefu kabla ya hapo. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua ya mwaka 1878. Kwa Mswahili, hata hivyo, kiondoa wadudu ni dawa ya kunyunyizia pamba. Isitoshe, jina hilo linasema uongo hata katika Kiingereza, kwa sababu kichunguzi hakiondoi chochote. Hitilafu huondolewa na fundi. Kichunguzi humwonesha tu njia.

3.0 Dibaji, Mahali pa Kukosea

Funksheni haianzi kazi yake mara inapoitwa. Huanza kwa amri chache za kujiandalia mahali: kuhifadhi thamani za aliyeita zisipotee, kuweka alama ya mwanzo wa fremu yake, na kutenga nafasi ya data zake. Amri hizo huitwa dibaji. Mwishoni mwa funksheni huwepo amri za kuvunja maandalizi hayo na kurejea. Nazo zinaweza kuitwa tamati. Msomi wa tenzi hatapata taabu hapa. Mtunzi wa utenzi hutanguliza dua, pengine akaomba karatasi na wino, kabla kisa hakijaanza; na mwishoni hutaja jina lake na tarehe, kisha akamaliza. Dibaji ya funksheni nayo ni kuomba karatasi na wino.

Katika kompyuta nyingi za aina ya x86-64, dibaji ya kawaida ina amri tatu. Ya kwanza huhifadhi katika mpandano thamani ya rejista ya RBP, ambayo bado ni alama ya fremu ya aliyeita. Ya pili huifanya rejista hiyo kuwa alama ya fremu mpya. Ya tatu hutenga nafasi. Kabla ya amri ya kwanza anwani ya marejeo iko juu kabisa ya mpandano. Baada yake imefunikwa na baiti 8. Na baada ya ya pili, inaweza kupatikana kwa kuhesabu kutoka RBP hata mpandano ukizidi kukua. Ndani ya amri hizo chache, basi, jibu la swali la nani aliyeita linahama mahali mara mbili.

Sasa chukulia kwamba kichunguzi kimesimama kwenye amri ya kwanza kabisa, nacho kinadhani dibaji imekwisha. Kitaisoma RBP kana kwamba ni alama ya fremu ya funksheni iliyoko sasa, ilhali bado ni ya funksheni iliyoita. Matokeo yake si fujo inayoonekana. Kichunguzi kitatoa orodha safi ya nyayo, yenye majina ya kweli, lakini jina moja litakosekana: mwitaji wa karibu ameshaondoka, na mahali pake amekaa mwitaji wa mwitaji. Baba ametoweka na babu ametajwa badala yake.

Kosa hilo halionekani funksheni inapochunguzwa katikati. Aghalabu fundi anapoamuru programu isimame kwenye funksheni fulani, kichunguzi huiruka dibaji na kusimama baada yake, mahali ambapo kila kitu kimeshapangwa. Hapo majibu huwa sahihi hata kama kichunguzi hakielewi dibaji ipasavyo. Kwa sababu hiyo watunzi wa majaribio hawaridhiki na katikati. Hutunga programu ndogo ambamo funksheni kuu inaita ya kati, na ya kati inaita ya mwisho. Jibu sahihi linajulikana kabla ya kuuliza, kwa kuwa mtungaji ndiye aliyepanga nani amwite nani. Kisha huamuru kichunguzi kisimame kwenye amri ya kwanza ya funksheni ya mwisho, na kusogea amri moja moja hadi ile ya kurejea. Katika kila hatua swali ni lilelile na jibu lazima liwe lilelile. GDB ina mkusanyiko mkubwa wa majaribio unaoendeshwa kwa mfumo wa DejaGnu, na miongoni mwake yamo majaribio mahususi ya dibaji.

Mwanaisimu anaweza kuielewa hali hii kwa kulitazama umbo kama aliyemwita. Kabla ya kufika kwenye mzizi -it-, msikilizaji ameshapewa nafsi, njeo, kirejeshi na mtendwa. Viambishi hivyo ni maandalizi. Vinatenga nafasi za washiriki kabla tendo lenyewe halijatajwa. Anayekatiza usemi baada ya ali- bado hajui kama kuna kirejeshi kinachokuja, na akikisia anaweza kukosea mahusiano yote ya sentensi. Anayesubiri neno likamilike hatagundua kwamba hakuwa na kanuni yoyote ya kuvichanganua viambishi. Tofauti ni kwamba msikilizaji halazimiki kusimama katikati ya kitenzi, ilhali programu huweza kuanguka kwenye amri yoyote, dibaji ikiwemo.

Wataalamu wamejaribu kuondoa ubahatishaji huu kwa kumtaka kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtungaji kuwa amri za mashine, aandike jedwali linaloeleza, kwa kila amri, anwani ya marejeo iko wapi. Muundo unaotumika sana kwa jedwali hilo ni DWARF, ambao toleo lake la tano lilitoka mwaka 2017. Hata hapo mafunzo hayakosekani. Kwa miaka mingi kompaila wa GCC alikuwa akieleza vema dibaji lakini haelezi ipasavyo tamati. Ni kuanzia toleo la 4.5 la mwaka 2010 ndipo maelezo ya tamati yalipoanza kutolewa. GDB ililazimika kuwa na utaratibu wake wa kutambua tamati za programu zilizotoka kwa matoleo ya awali. Mwanzo ulikuwa umeandikwa vizuri. Mwisho uliachwa ujitafutie njia.

4.0 Tafsiri Inayomruka Baba

Kosa la kumtaja babu badala ya baba linafanana mno na kosa ambalo wanaistilahi hufanya wanapotafsiri sisisi. Istilahi ya Kiswahili inapaswa kuitwa na dhana. Dhana ndiyo baba yake. Jina la Kiingereza la dhana hiyo nalo lina asili yake, mara nyingi sitiari ya mtaani ya nchi nyingine na ya zama nyingine. Mfasiri anayelitazama neno la Kiingereza peke yake huiruka dhana na kutafsiri sitiari. Ndivyo kiondoa wadudu kinavyozaliwa. Na kama ilivyo kwa kichunguzi, orodha inayopatikana huwa safi na yenye maneno halisi ya Kiswahili. Ni baba tu aliyekosekana.

Historia ya mpandano wenyewe inathibitisha kwamba hakuna sitiari ya lazima. Alan Turing, katika ripoti yake kuhusu mashine ya ACE iliyowasilishwa Uingereza mwaka 1946, aliuita mwito wa funksheni kwa neno lenye maana ya kufukia, na marejeo yake kwa neno lenye maana ya kufukua. Wajerumani Klaus Samelson na Friedrich Bauer, walioomba hataza ya mbinu hii mwaka 1957, waliita sehemu hiyo ya kumbukumbu kwa neno lenye maana ya chumba cha chini ya nyumba. Neno la Kiingereza lililoshinda baadaye linapiga picha ya vitu vilivyopangwa kuelekea juu. Picha zinapingana, moja ikichimba na nyingine ikijenga, lakini dhana ni moja: cha mwisho kuingia, cha kwanza kutoka. Katika mashine za x86, tena, mpandano hukua kuelekea anwani ndogo, hivyo ukitazamwa kwa anwani unashuka. Kiswahili hakidaiwi kufuata picha ya yeyote.

5.0 Maneno katika Mizani ya Katoro

Katoro iko magharibi ya mji wa Geita, jirani na Buseresere ya Wilaya ya Chato, katika mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Ni soko la eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambamo hukutana wasemaji wa Kisukuma, Kizinza, Kisumbwa, Kiha, Kihaya na lugha nyingine nyingi, Kiswahili kikiwa ndiyo lugha ya kuuziana na ya kushushana shimoni. Msamiati wake wa uchimbaji haukutoka kwa kamati yoyote. Shimo la kuchimbia huitwa duara. Magogo yanayozuia kuta zake zisiporomoke ni matimba, neno ambalo yumkini limetokana na Kiingereza na kuingizwa katika ngeli ya li-ya kana kwamba lilizaliwa humo. Mashine ya kusaga mawe ni karasha. Mahali pa kuoshea udongo ni mwalo. Maneno haya yanajaribiwa kila siku, tena katika mazingira magumu: huitwa kutoka chini kwenda juu, gizani, na watu ambao lugha zao za kwanza zinatofautiana. Mnamo Januari 2017, huko Nyarugusu katika mkoa huohuo, watu 15 walinaswa chini ya mgodi kwa siku kadhaa, na wote wakatolewa hai. Mahali ambapo jambo kama hilo linaweza kutokea, neno lisiloeleweka haliishi.

Istilahi za mpandano zinaweza kupimwa katika mizani hiyo, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni ukopaji. Rahisi kabisa ni kulichukua neno la Kiingereza na kuliandika staki. Lakini vijana na mafundi simu husema tayari kwamba simu inastaki, wakimaanisha imeganda. Maneno mawili ya Kiingereza, la kukwama na la mpandano, hutofautiana kwa irabu moja, na irabu zote mbili zikiingia katika mfumo wa irabu tano wa Kiswahili huwa a. Mkufunzi atakayesema staki imejaa ataeleweka kwamba kitu kimeganda, na kwa kuwa mpandano ukijaa programu huanguka kweli, kosa hilo la uelewa halitajidhihirisha kwa urahisi. Ukiandikwa steki, neno litafika buchani. Ukopaji hapa umeanguka kwa sababu za kifonolojia ambazo mwanaisimu angeweza kuzitabiri akiwa ofisini, lakini orodha za istilahi hazina safu ya kuandikia homonimu za mtaani.

Ya pili ni duara. Kwa mchimbaji neno hili lingefaa ajabu: linashuka, lina mdomo mmoja, na aliyeingia wa mwisho hutoka wa kwanza. Lakini duara katika darasa la hisabati ni umbo la mviringo, na mwanafunzi wa kompyuta ndiye huyohuyo mwanafunzi wa hisabati. Neno linalofaulu kwenye shimo linaanguka darasani. Lundo nalo, ambalo baadhi wangelipendekeza, lina kazi nyingine: kompyuta ina sehemu nyingine ya kumbukumbu isiyo na mpango wa cha mwisho kutoka kwanza, na hiyo ndiyo lundo kwa haki. Mpandano unabaki kuwa neno lisilogombana na jirani zake.

Ya tatu ni fremu. Hili ni neno la mkopo ambalo limeshapita mtihani bila kusaidiwa. Katika miji ya Tanzania fremu ni chumba cha biashara kinachopangishwa, na mitaa ya soko la Katoro imejaa vyumba vya namna hiyo. Mpangaji huingia, huweka vitu vyake, hufanya kazi, huhama. Chumba hakibomolewi, hupangishwa mwingine. Fremu ya funksheni ni vivyo hivyo. Funksheni inapomaliza, nafasi yake katika mpandano haifutwi. Huachwa tu, na funksheni inayofuata huingia na kuandika juu ya mabaki. Ndiyo maana programu yenye hitilafu huweza kukuta huko data za mpangaji aliyehama. Maana ya mtaani inamfundisha mwanafunzi jambo ambalo fasili ya kitabuni hulisahau.

Ya nne ndiyo yenye uzito zaidi. Kiingereza hutumia neno moja, lenye maana ya kuzongoa kilichozongwa, kwa matendo mawili tofauti. Tendo la kwanza ni lile la kichunguzi: kusoma fremu moja baada ya nyingine ili kumjua aliyeita, bila kugusa chochote. Tendo la pili hutokea katika lugha kama C++ hali isiyo ya kawaida inapojitokeza: fremu huondolewa kweli, moja baada ya nyingine, na data zake huharibiwa kwa utaratibu, hadi ipatikane funksheni iliyo tayari kuishughulikia hali hiyo. La kwanza ni kukagua. La pili ni kubomoa. Msomaji wa Kiingereza hutambua tofauti kwa muktadha, na mwanafunzi anayejifunza kwa Kiingereza asichokimudu mara nyingi haitambui kabisa.

Kiswahili kina uwezo wa kuyatenganisha. Kauli ya kutendua hutoa kwa tendo la pili neno lililo tayari: kupangua. Kilichopangwa kinapanguliwa, kama vile kilichofungwa kinavyofunguliwa na kilichofumwa kinavyofumuliwa. Kiambishi hiki ni mali ya pamoja ya lugha nyingi za Kibantu, na katika Kisukuma bado kina ile l ambayo Kiswahili kimeidondosha. Kwa hiyo msemaji wa Katoro analielewa umbo hili kutoka pande mbili. Kwa tendo la kwanza, hata hivyo, kauli ya kutendua ni mtego. Anayeambiwa kichunguzi kimepangua mpandano ana haki ya kuamini kwamba mpandano haupo tena. Tendo la kusoma bila kugusa linahitaji kitenzi kingine, na hapa kinapendekezwa kurudia nyayo. Anayefuata nyayo za aliyepita hazifuti.

Tofauti hii isingeonekana katika orodha ya safu mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, kwa sababu upande wa Kiingereza kuna neno moja. Inaonekana pale tu neno linapolazimishwa kufanya kazi katika sentensi za fundi, mahali ambapo matendo mawili yanakaribiana.

6.0 Pendekezo la Utaratibu

Vigezo vya kutathmini istilahi tayari vipo. Vile vya PEGITOSCA, vinavyohusishwa na Kiingi, hudai miongoni mwa mengine usahihi, iktisadi, uzalishaji, uwazi na ukubalifu. Tatizo ni kwamba vigezo hivi aghalabu hutumiwa na walewale walioliunda neno, wakiwa mezani, fasili ikiwa mbele yao. Hapo ni katikati ya funksheni. Dibaji imekwisha rukwa.

Inapendekezwa kwamba kila istilahi ya taaluma ngumu ipitishwe katika hatua tatu kabla ya kuchapishwa. Hatua ya kwanza ni ya mlangoni: neno litolewe bila fasili kwa watu wanaojua kazi lakini hawajui istilahi, na waulizwe wanachokisikia. Staki ingekamatwa hapa. Hatua ya pili ni ya kusogea amri moja moja: neno litumiwe katika maelezo marefu ya kazi halisi, linyambulishwe, likanushwe, liwekwe karibu na maneno jirani yake. Kupangua kwa maana mbili kungekamatwa hapa. Hatua ya tatu ni ya tamati, ambayo kama ilivyokuwa kwa kompaila wa GCC ndiyo inayosahauliwa: baada ya muda, waliojifunza neno waulizwe waieleze dhana kwa maneno yao, ili ionekane kama neno limewarudisha kwenye dhana iliyoliita au limewaacha kwa babu.

Linaweza kutolewa pingamizi kwamba jambo hili ni la anasa: kwa nini kuhangaika na maneno ya mafundi wachache ambao wote husoma Kiingereza? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, katika shule za sekondari za serikali, Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kufundishia masomo mengi, ingawa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitangaza nia ya kukitumia Kiswahili katika ngazi zote. Hoja iliyozoeleka ya kuchelewesha utekelezaji ni kwamba istilahi hazitoshi. Wanaistilahi wakitoa maneno yasiyojaribiwa, yakaanguka darasani siku ya kwanza, hoja hiyo itapata nguvu mpya. Pili, kusoma Kiingereza si sawa na kufikiri ndani yake. Mwanafunzi aliyelelewa Katoro anajua vema maana ya kushuka hatua kwa hatua, kutengeneza kabla ya kuchimba, na kutoka kwa mpangilio uleule aliouingilia. Anapokaririshwa fasili ya Kiingereza, ujuzi huo hauitwi. Huachwa nje ya darasa kana kwamba hauhusiani na sayansi.

Pingamizi jingine ni kwamba maneno ya mtaani hayana heshima ya kitaaluma. Pingamizi hili linajibiwa na taaluma yenyewe: kufukia na kufukua yalikuwa maneno ya kutosha kwa Turing.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kichunguzi cha programu huweza kutoa majibu mazuri katikati ya funksheni na bado kikawa hakielewi jinsi funksheni inavyoanza. Na kwamba upungufu huo hujulikana tu na anayethubutu kukisimamisha kwenye amri ya kwanza na kukiuliza nani aliyemwita. Istilahi nazo ni hivyo. Zinapendeza katika orodha, na nyingi hubaki zikipendeza kwa sababu hakuna aliyezisimamisha mlangoni. Maneno yaliyopendekezwa hapa, yaani kichunguzi, mpandano, fremu, dibaji, tamati, kupangua na kurudia nyayo, yameletwa ili yajaribiwe. Yatakayovunjika yavunjike mapema, mbele ya wanafunzi na mafundi, kabla wino wa kamusi haujakauka. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na barabara ya kwenda Katoro ipo.